Fungate ya Ulaya: Amsterdam Imekatwa, Ugomvi Uko Kwenye Usiku Mmoja

Kuna wapenzi hapa Dar wamefunga ndoa kimya kimya, watu 30 tu, ili hela ya ukumbi iwapeleke Ulaya. Safi kabisa. Balaa limeanza kwenye ratiba.

Bibi harusi alikuja na miji saba kwa usiku 11: Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Vienna, Venice, Roma. Mumewe akamuuliza, "Sasa mke wangu, tutalala lini?" Jamaa yeye alitaka vimji vidogo vitupu, akae nje anywe kahawa. Kwa hela ya harusi? Hapo dada alikuwa na haki ya kununa.

Wakakutana katikati. Paris usiku 4, kisha Colmar usiku 2, kule kwenye nyumba za mbao za rangi rangi, kama saa mbili na nusu kwa treni ya kasi. Italia ni Roma usiku 3 na Orvieto 2, mji uliokaa juu ya jabali. Ukishuka stesheni unapandishwa na kigari kinachovutwa kwa kamba.

Juzi dada kataka kuhamisha usiku mmoja wa Paris uende Roma. Tatizo, viza ya Schengen unaiomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Sasa hivi Ufaransa 6, Italia 5. Ukihamisha mmoja tu, kibao kimegeuka, na miadi ya Wafaransa wameipata kwa mbinde. Ada nayo, Euro 90 kila mtu, hairudi hata ukinyimwa.

Mume kasema basi usiku huo utoke Orvieto. Dada kanuna upya. Picha ya Orvieto ndiyo iko kwenye skrini ya simu yake.