Weusi Unaozuia Mwanga

Saa nne usiku, Kariakoo, fundi mmoja alikuwa amekaa sakafuni na filamu nne mkononi. Mbele yake kulikuwa na rundo la tisheti zilizoharibika. Nembo ya shule ilikuwa na rangi nne, na upande wa kushoto zote zilikaa sawasawa. Upande wa kulia, nyekundu ilikuwa imeivuka nyeusi kwa karibu milimita moja. Akazipanga filamu zile moja juu ya nyingine, akazielekeza kwenye taa. Hazikulingana.

Fundi huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Hadi usiku ule alikuwa akiamini kwamba rangi zikipishana, kosa ni la mkono.

Mkono haukuwa na kosa. Filamu zile zilichapwa kwa mashine ya leza kwenye duka la steshenari, na leza huyeyusha tona kwa joto ili ishike. Joto hilohilo huivuta plastiki ikasinyaa kidogo, wala si kila filamu husinyaa kwa kiasi kilekile. Kwa kazi ya rangi moja huwezi kugundua. Kwa rangi nne, unalipa.

Kazi hii aliianza kwa njia nyepesi zaidi: karatasi ya fotokopi iliyopakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe mwanga, kioo juu yake, na jua la saa sita mchana. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Emalsheni iliyopakwa kwenye wavu wa fremu huwa ngumu pale mwanga unapoigusa. Pale weusi wa mchoro ulipoukinga mwanga, hubaki laini, maji huiondoa, na hapo ndipo wino utakapopita. Kwa hiyo karakana nzima, kuanzia wino hadi mshahara wa vijana, inategemea weusi wa mchoro kuwa weusi kweli. Filamu za leza alizokuwa akizitumia, zikielekezwa kwenye taa, zilionekana kama chai ya mkandaa.

Njia mbili zilikuwa mbele yake. Ya kwanza ni printa ya wino ya ukubwa wa A3+, kama Epson L1800, inayochapa kwenye filamu iliyopakwa dawa upande mmoja ili inywe wino. Haitumii joto la kuyeyushia tona. Ukiiongezea programu ya RIP, unaamua wewe ni wino kiasi gani umwagwe, na picha inavunjwa kuwa nukta za ukubwa unaoutaka. Wachapaji wengine huondoa rangi zote na kujaza wino mweusi kwenye matangi yote sita.

Ya pili aliiona Dubai, alipokwenda kununua wino: mashine inayochapa moja kwa moja juu ya fremu, ya aina ya i-Image ya kampuni ya M&R. Fremu iliyokwisha kupakwa emalsheni na kukauka iliegemezwa kwenye vishikizo vitatu, kichwa cha mashine kikapita kwenda na kurudi, na mchoro ukajitokeza palepale. Hakuna filamu, hakuna gundi ya karatasi, hakuna kioo chenye vumbi. Kwa kuwa wino umekaa juu ya emalsheni yenyewe, mwanga haupati upenyo wa kupenya chini ya kingo, na nukta ndogo hubaki hai. Fremu ya rangi ya pili huegemea vishikizo vilevile, kwa hiyo rangi zinalingana kabla hazijafika kwenye mashine ya kuchapia. Alisimama pale muda mrefu, akiwaza tisheti za shule.

Aliporudi nyumbani alifungua daftari. Kwa mwezi mmoja aliandika kila fremu iliyochomwa, kila iliyorudiwa, na sababu yake. Karakana yake ilichoma fremu nane au kumi kwa siku. Nyingi zilizorudiwa zilitokana na filamu hafifu, zikifuatiwa na vumbi la kioo. Filamu nzuri na kitambaa safi vingeziponya.

Mashine ya moja kwa moja inagharimu makumi ya maelfu ya dola. Mwenye karakana inayochoma fremu mfululizo kutwa nzima, akilipa watu wa kupanga filamu tu, pesa hiyo itamrudia. Kwa fremu kumi, itamchukua miaka. Tena ikikwama, karakana yote inakwama, na kipuri kinasubiri ndege. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulikuwa umemfundisha hasara ya karakana kusimama. Akanunua printa mbili za wino, moja iwe ya akiba, akaandika kanuni ukutani: kila asubuhi chapa ukurasa mdogo, matundu ya wino yasikauke.

Jambo linalomuumiza mpaka leo ni vijana wanaoshawishiwa na muuzaji kukopa kwa ajili ya mashine kubwa kabla hawajahesabu fremu zao hata wiki moja. Akiombwa ushauri, huuliza kwanza daftari.

Kazi ya kwanza kwenye printa mpya ilikuwa nembo ileile ya shule. Alichagua wavu wa nyuzi 90 kwa sentimita na mistari 45 ya nukta kwa inchi, ili kila mstari upate takriban nyuzi tano za kushikilia. Filamu nne zikapandishwa kwenye taa: ukingo juu ya ukingo, na weusi usiopitisha chochote.

“Fundi, nimwagie maji?” aliuliza kijana wake.

“Taratibu, dogo. Anza upande wa nyuma.”

Maji yakapita. Emalsheni ikalainika, na kaulimbiu ya shule, iliyokuwa na herufi ndogo kuliko punje ya mchele, ikaanza kufunguka herufi moja baada ya nyingine.