Kifafa hiki ni cha ukoo gani?

Kwa siku kadhaa sasa nimekuwa nikisoma habari za wanasayansi wanaochunguza vinasaba vya seli za ubongo, tena seli moja moja. Usinicheke msomaji wangu. Najua mimi ni mwandishi wa habari tu, baiolojia tuliagana kidato cha nne. Lakini humu kuna jambo linalotuhusu sote, hasa akina mama.

Unajua mambo yalivyo kwetu. Mtoto akianguka kifafa, kabla hajafikishwa hospitali kikao cha ukoo kimeshaanza. "Kwetu sisi ugonjwa huu haupo." Maana yake umetoka kwa mama. Ndoa ngapi zimevunjika hivyo? Mabinti wangapi wamekosa wachumba kwa sababu eti nyumba yao ina kifafa?

Sasa sikiliza. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva, yaani neuroni, zipatazo bilioni 86. Shuleni tulifundishwa kwamba seli zote za mwili zina vinasaba vilevile, nusu vya baba, nusu vya mama. Zamani mtafiti alichukua kipande cha ubongo, akakisaga, akasoma vinasaba vyote kwa pamoja. Ni kama juisi ya maembe: likiingia moja bovu kati ya mia, hulitambui.

Siku hizi wanachomoa kiini cha neuroni moja, wanarudufu DNA yake mpaka itoshe kusomeka, halafu wanaisoma peke yake. Mwaka 2015 kundi la Christopher Walsh, kule Boston, Marekani, lilitangaza kuwa limesoma neuroni 36 za watu watatu waliofariki. Kila neuroni ilikuwa na mabadiliko kama 1,500 ambayo mwenyewe hakuyarithi kwa baba wala kwa mama!

Mengi ya mabadiliko hayo hayamsumbui mtu. Lakini moja likiangukia pabaya, ni balaa. Kuna watoto ambao upande mmoja wa ubongo hukua kupita kiasi, nao hupata kifafa kikali. Mwaka 2012 watafiti hao walisoma neuroni moja moja kutoka kwenye ubongo wa namna hiyo. Baadhi zilikuwa na hitilafu katika kinasaba kiitwacho AKT3, nyingine hazina. Yaani hitilafu ilianza ndani ya seli moja wakati ubongo unajengeka tumboni, seli ile ikagawanyika, na zilizotokana nayo zikaibeba. Hitilafu ya aina hii inaweza isionekane kabisa ukipima damu.

Sisemi kifafa chote kiko hivyo. Kipo cha kurithi, kipo kinachotokana na malaria iliyopanda kichwani, na minyoo ya tegu, na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ninachosema ni kwamba kipo pia ambacho hakikutoka kwa bibi wala kwa shangazi wa mtu yeyote. Mama hakula kitu kibaya. Hakuna aliyeroga.

Basi wazee wetu, shikamooni, nawaomba jambo moja. Kabla ya kumrudisha mama wa watu kwao, mtoto apelekwe hospitali. Dawa za kifafa zipo. Kikao cha ukoo hakijawahi kumponya mtoto.

Au nyie mwaonaje?