Kisomakadi

Mtu huchagua kamera kwa macho, kadi kwa mfuko, na kisomakadi kwa haraka. Kamera hutazamwa mwezi mzima kabla ya kununuliwa, na kadi huulizwa ujazo na kasi yake. Lakini kile kidude kitakachosimama kati ya kadi na kompyuta huokotwa mezani pa mchuuzi huku chenji ikihesabiwa. Hata hivyo picha zinazotoka katika kadi kwenda kwenye kompyuta mara nyingi hupita hapo. Ghala lenye mlango mbovu halimfai mwenye mali, hata kuta zake zikiwa za mawe.

Mtafiti mmoja wa maandiko ya kale alilitambua jambo hili mwaka 2022 huko Lamu, baada ya kulipuuza miaka mingi. Bibi mmoja alikuwa na utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi zake zimeliwa na wadudu, akakubali upigwe picha mara moja tu. "Ufungue leo, mwanangu," alisema, "kesho hautafunguka." Bibi hakutia chumvi. Kila ukurasa uliogeuzwa uliacha unga mkekani. Ilipofika alasiri kurasa 184 zilikuwa zimeingia katika kadi moja.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, kadi ilitiwa katika kisomakadi cha bei ndogo ambacho waya wake ulikuwa umelegea. Kidude kikapata moto, upepo wa pangaboi ukautikisa waya, na kazi ya kunakili ikakatika. Kilipochomekwa tena, kompyuta ilitangaza kwamba kadi haitumiki mpaka ifutwe na kuandaliwa upya, ikauliza kama iifute. Kidole cha mtafiti kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kilichomzuia hakikuwa elimu yake, ambayo ilikuwa nyingi, bali woga.

Kadi yake ilikuwa ya kasi, na kasi ina hila zake. Kadi ya SD ya aina ya UHS-I, kwa kanuni zake, haivuki megabaiti 104 kwa sekunde. Ile ya UHS-II, yenye safu ya pili ya vibati mgongoni, huweza kufika 312. Lakini ikitiwa katika kisomakadi kisicho na safu hiyo husomwa kama kadi ya zamani, na mnunuzi haambiwi neno. Tundu la USB 2.0 nalo halizidi megabaiti 60 hata kwa hesabu ya karatasini. Kadi za CFexpress za aina B, ambazo kwa kanuni za mwaka 2019 hukaribia megabaiti 2,000, huchemka hasa zinaposomwa kwa muda mrefu. Kwa hizo ganda la chuma, litoalo joto nje, hufaa kuliko la plastiki. Mambo haya yameandikwa juu ya maboksi kwa herufi ndogo, na aghalabu boksi hutupwa dukani.

Usalama, hata hivyo, haupimwi kwa megabaiti. Ubavuni mwa kadi ya SD kuna kifungo kidogo cha kuzuia maandishi, na wengi hudhani kwamba kikishushwa kadi imejifunga yenyewe. Sivyo. Kifungo hicho ni kipande cha plastiki kisichoungana na kitu chochote ndani ya kadi. Kisomakadi ndicho kinachotazama mahali kilipo na kutii, au kutotii. Visivyotii vipo sokoni, navyo hufanana na vinavyotii kama pacha na pacha. Njia ya kuvitambua ni rahisi: chukua kadi tupu, shusha kifungo, kisha jaribu kuandika faili ndani yake. Kisomakadi kikikubali kuandika, kisiaminiwe na kadi yenye mali.

Fundi mmoja wa Mombasa aliifunga kadi ya mtafiti, akaitia katika kisomakadi kitiifu chenye waya mfupi, akanakili kila kilichokuwamo bila ya kuigusa asili. Ilionekana kwamba orodha ya faili ndiyo iliyovurugika. Picha zenyewe nyingi zilikuwa mahali pake. Zikapatikana 178. Miongoni mwa zile 6 zilizopotea ulikuwamo ukurasa wa mwisho, ambao mnakili alitia jina lake na mwaka.

Mwaka uliofuata mtafiti alirudi Lamu akiwa na kisomakadi kipya cha chuma. Sasa hunakili mara mbili, hufungua picha moja moja kuzikagua, ndipo kadi hurudi katika kamera na kufutwa humo humo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeurudia?"

Akaeleza yote bila ya kuficha. Bibi alileta kasha. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umegawanyika vipande viwili. Mwaka ulisomeka, jina lilikuwa limekwenda na wadudu. Ukapigwa picha vivyo hivyo. Kisha bibi akaomba aione kadi, akakisukuma kile kifungo kwa ukucha, juu na chini.

"Utenzi wangu umefungwa na hiki?"

"Na hiki, bibi," alijibu, akamwonyesha kisomakadi, "kikitii."