Mali Bila Daftari

Katika bweni letu, taa zikisha kuzimwa, mabishano hayaishi upesi. Simu hazikubaliwi shuleni, lakini habari za intaneti twazizungumza kila usiku, kama mtu asiye na ng'ombe azungumzavyo maziwa. Muhula uliopita swali lilikuwa hili: Je, mtu wa kawaida, asiye na jina wala mtaji, aweza kupata riziki yake kwa njia ya intaneti? Wengi walisema aweza, nami nilikuwa mbele yao. Nimeona vema niwaeleze wasomaji jambo lililonibadilisha, maana sikubadilishwa na hoja ya mtu. Nilibadilishwa na daftari.

Yafaa niseme kwanza kwamba nilikuwa na sababu yangu. Baba ni fundi cherehani mjini Tororo, na macho yake yamedhoofika. Kila muhula kaka yangu mkubwa, aendeshaye bodaboda Kampala, hutuma shilingi 150,000 za karo yangu, na baba hutafuta zilizobaki. Kaka hapati abiria kwa kusimama njia panda. Huwapata kwa programu iliyo katika simu yake. Nilimhesabu kuwa mtu aliyefaulu. Basi likizo ilipofika nilikwenda kwake, na moyoni nilikuwa nimekwisha kukata shauri: nitamwomba anifundishe kazi, niache shule kabla ya mtihani wa kidato cha sita, nimpunguzie baba mzigo.

Siku tatu za kwanza nilistaajabu. Simu yalia, abiria anaonekana katika ramani, nauli imekwisha kupangwa na programu yenyewe. Hakuna kugombea abiria wala kubishana bei. Siku ya tatu kaka alimaliza safari 17, akakusanya shilingi 52,000. Usiku ule nilipiga hesabu kichwani: 52,000 kwa siku 6, kwa wiki 4, ni shilingi 1,248,000 kwa mwezi. Nilijiona mjinga kukaa darasani.

Siku ya nne simu haikulia. Kaka alipoitazama, alikuta ujumbe mfupi kwamba akaunti yake imefungwa. Abiria fulani amelalamika. Ni nani, siku gani, kwa kosa gani, hakuambiwa. Alipiga simu, akajibiwa angoje uchunguzi. Hapakuwa na mlango wa kubisha wala bwana mkubwa wa kumwamkia. Tulingoja siku 11.

Katika siku zile za kukaa bure nilimwambia, "Kaka, baba husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuandike." Alicheka, lakini alikubali. Tukaichukua ile siku njema ya shilingi 52,000. Kampuni hukata shilingi 15 katika kila 100, yaani 7,800. Petroli 16,000. Pikipiki ni ya mkopo, na mkopo wataka 14,000 kila siku ya kazi. Chakula 5,000. Intaneti 1,500. Oili na matengenezo, tukiyagawa kwa siku, 2,000. Nilijumlisha mara mbili, nikidhani nimekosea: 46,300. Kilichobaki mkononi ni shilingi 5,700.

Kwa wiki ya siku 6 ni 34,200; kwa wiki 4 ni 136,800. Chumba hulipiwa 100,000 kwa mwezi. Basi zabaki 36,800, na hiyo ni kama kila siku ni siku njema. Kwa miezi mitatu ya muhula hazifiki 111,000. Nikaweka kalamu chini. "Kaka," nikamwuliza, "wewe hutuma 150,000 kila muhula. Zile nyingine hutoka wapi?"

Alinyamaza kitambo, akitazama nje. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hapo ulipoandika chakula 5,000, si kila siku."

Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimekuja kumwomba anipe kazi yake, kumbe mchana alikuwa akifunga njaa ili nisiifanye.

Akaunti ilifunguliwa siku ya kumi na mbili, bila maelezo wala samahani. Lakini deni la pikipiki halikufungwa pamoja na akaunti. Liliendelea kuhesabiwa siku zote zile. Kaka alikopa kwa shangazi yetu wa Jinja, akalipa.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilishuka Jinja kumshukuru shangazi. Yeye naye hupata riziki yake kwa simu. Husaga karanga, na wateja huagiza kwa WhatsApp na kulipa kwa simu, jambo ambalo limewezekana katika Uganda tangu mwaka 2009. Nilimwuliza kama naye amewahi kufungiwa. Akaleta daftari kuukuu lenye majina ya wateja wake wote, na namba zao, na kiasi anunuacho kila mmoja. Akaniambia kwamba Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, alilifungua daftari lile akawapigia mmoja mmoja simu ya kawaida. Karanga ziliuzwa. Hata ile kodi ya shilingi 200 kwa siku, iliyowekwa Julai 2018 juu ya matumizi ya WhatsApp, Facebook na mitandao mingine kama hiyo, alikuwa ameiandika. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bei ya intaneti. "Serikali hubadili," alisema, "nami hubadili bei ya kopo."

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Shangazi na kaka wote wawili hutumia simu, na wote ni wachapa kazi. Lakini kwa shangazi intaneti ni njia tu ya kuendea sokoni, na wateja ni wake. Kwa kaka intaneti ndiyo soko lenyewe, na wateja ni wa mwenye soko. Mwenye soko akikasirika, hufunga lango. Wala si lazima akasirike. Aweza kuona tu kwamba hapati faida. Mwisho wa mwaka 2023 kampuni ya Jumia iliacha kazi yake ya kupeleka vyakula katika Uganda, Kenya na nchi nyingine kadhaa. Mpeleka chakula aliyeitegemea ilimbidi atafute lango jingine.

Ndugu zangu wa bweni watasema, "Lakini wako watu wanaotajirika kwa YouTube." Naam, wako. Nawaomba nao walete daftari. Ili mtu agawiwe fedha za matangazo ya biashara, njia moja ni awe na wafuasi 1,000 na video zake zitazamwe saa 4,000 katika muda wa mwaka mmoja. Video ya dakika 10 yapaswa kutazamwa tangu mwanzo hata mwisho mara 24,000. Na huo ni mlango tu. Mshahara haujaanza kuhesabiwa.

Basi je, mtu wa kawaida aweza? Nasema aweza, lakini si kwa hesabu niliyoifanya kichwani usiku ule. Mkopo wa pikipiki utakwisha baada ya miezi 14, na siku njema ya kaka itabakiza 19,700 badala ya 5,700. Huyo ni mtu awezaye kula mchana. Ila miezi 14 ni mirefu kwa mtu ambaye lango lake hufungwa na mkono asiouona. Kwa hiyo kaka amejiandikisha katika steji karibu na chumba chake. Simu ikilia, huenda. Isipolia, hungoja zamu yake pamoja na wenzake, ambao wana mwenyekiti, na shauri likitokea husikilizwa ana kwa ana.

Nami nimerudi shuleni. Sikumwambia baba nililokuwa nimekusudia. Labda atalisoma hapa, kama macho yatamruhusu. Twawaomba wazee wetu waliokwisha kuondoka shuleni, na ambao wapata riziki kwa njia hizi, watuandikie katika kurasa hizi. Wasituandikie jumla waliyokusanya, watuandikie kilichobaki.

Kaka sasa huandika kila jioni. Katika barua yake ya mwisho alininakilia ukurasa mmoja wa daftari lake. Niliusoma polepole, mstari kwa mstari, nikatafuta neno moja kwanza kabla ya mengine. Lilikuwapo katika kila siku ya juma: chakula, 5,000.