Chema Chajiuza? Si Kila Mara

Na Mwanachama, Kidato cha 3

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, siwapingi wazee, lakini katika kazi ya usanifu nimeona chema kikishika vumbi kwa kukosa wa kukitembeza. Ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Nilipochagua somo la Uchoraji na Usanifu, baba hakufurahi hata kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "mchoraji ni mtu wa kutumwa tu. Akiambiwa achore duara, atachora duara. Ana sauti gani kazini?" Swali hilo lilinichoma kama mwiba, maana karo ni jasho lake na hakuwa akinitania. Nikaanza kutafuta jibu.

La kwanza nililipata mbali, huko London. Mnamo 1931, Harry Beck, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30, alikuwa mchoraji wa kawaida tu katika shirika la treni za chini ya ardhi. Ramani za wakati huo zilifuata kila kona ya njia, hata katikati ya jiji stesheni zikasongamana kama dagaa mkoboni. Beck aliwaza hivi: abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali kamili. Anataka kujua ashukie wapi na abadilishe treni wapi. Basi akanyoosha njia zote zikawa za wima, za mlalo na za mshazari, na stesheni akazipanga kwa nafasi zinazokaribiana. Juu ya ardhi alibakiza mto Thames peke yake.

Wakubwa walimwambia nini? Walikataa! Waliona ni mageuzi makubwa mno. Beck hakununa. Alirudi tena, na 1932 zikachapishwa nakala chache za majaribio, kama 500 hivi. Abiria wakazipenda. Mwaka wa 1933 ramani hiyo ilitolewa kwa mamia ya maelfu. Jamani, ni nani aliyewashinda wakubwa hapo? Si Beck kwa maneno yake. Ni abiria, waliogeuka kuwa mashahidi wake.

Jibu la pili nililipata nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa huchora samani katika karakana moja inayotengeneza madawati ya shule. Aliona kwamba mguu wa dawati ulikuwa dhaifu, akamweleza mwajiri wake habari za umbo na uzito. Mzee akamjibu, "Wewe chora, kuuza niachie mimi." Mambo yakaishia hapo.

Lakini dada ni mtu wa kufikiri. Alilifungua daftari la marekebisho, akahesabu. Kumbe madawati mengi yaliyorudishwa yalikuwa yamevunjika mahali pamoja, pale paipu mbili zinapolehemiwa! Kisha akaenda kuketi na mafundi wakati wa chai. Mmoja wao akamwambia, "Dada, hapo hata sisi hupata taabu. Kwa nini tusikunje paipu moja badala ya kuunganisha mbili?" Wazo lilikuwa la fundi, na dada hakulinyakua. Alipochora, alimtaja fundi huyo mbele ya wote. Wakaomba ruhusa ya kutumia vipande vilivyobaki, wakaunda dawati moja tu. Likapelekwa katika darasa moja, likawekwa kando ya lile la zamani kwa muhula mzima.

Muhula ulipokwisha, la zamani lilikuwa likiyumba kama mlevi. Jipya lilikuwa imara, na mwalimu mkuu mwenyewe akaagiza mengine ya aina hiyo. Siku hizi yule mzee hataji bei kabla ya kuuliza, "Msichana wetu anasemaje?" Cheo cha dada ni kile kile, lakini sauti anayo.

Nilichojifunza ni hiki, wenzangu. Mbunifu asiye na cheo asitegemee uzuri wa mchoro wake. Atafute kinachomwumiza mkubwa, kwa mfano pesa zinazopotea katika marekebisho, aanzie hapo. Awashirikishe wanaotengeneza, maana wao wanajua penye kasoro. Aombe jaribio dogo ambalo hata likishindwa halitamfilisi mtu. Halafu amwache mtumiaji aseme.

Tena asilale baada ya kushinda. Mwaka wa 1960 shirika lilitoa ramani iliyochorwa na mtu mwingine, na jina la Beck likaondolewa. Alihangaika miaka mingi asifanikiwe, akafariki 1974. Baadaye sana ndipo ramani zilipoanza kumtaja kuwa mwanzilishi. Kwa hiyo ewe mbunifu, makubaliano yaandikwe mapema, wino ungali mbichi!

Baba nimemsimulia yote haya. Bado hajasema ndiyo, ila juzi alikwenda mwenyewe kulitazama lile dawati, akalitikisa, akaguna. Kwa baba yangu, kuguna ni hatua.

Nanyi mnaochora mabango ya chama chetu, mkiona jambo linaloweza kurekebishwa hapa shuleni, msinung'unike bwenini. Hesabuni, ulizeni wapishi na viranja, tengenezeni moja la kujaribia. Chema chajiuza, naam, lakini kwanza kifikisheni sokoni.