Likizo bila nauli ya Arusha

Likizo ya Juni ikianza, mama wa Dirma huulizwa: "Mama, wenzetu wameenda Arusha, sisi je?" Mavuno hayajauzwa, na nauli ya watu watano si mchezo.

Mlima Hanang huonekana bure kutoka shambani. Kuupanda ni jambo jingine: kilele kimepita mita 3,400, kuna ada ya hifadhi ya msitu, na miguu ya mtoto wa miaka sita haifiki. Ziwa Balangida ndilo la watoto. Kiangazi kikikolea maji hurudi nyuma, na ukingoni hubaki chumvi nyeupe ambayo wenyeji huikusanya. Waiguse, wakimbie, wahesabu ndege.

Wasiilambe tu. Maji ya ziwa pia si ya kunywa, hata yakichemshwa. Ukanda huu wa Bonde la Ufa una floraidi nyingi, na moto hauiondoi. Ndiyo inayotia meno madoa ya kahawia, tena huyaharibu yakiwa bado ndani ya ufizi, kabla mzazi hajayaona. Mama mwenye akili hubeba dumu la maji ya mvua aliyoyakinga nyumbani.

Mvua ikitanda mlimani, safari iahirishwe, na hakuna kucheza korongoni hata likiwa kavu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Hanang viliua zaidi ya watu 80, Katesh na vijiji jirani. Watoto wengi wa huku wanalikumbuka hilo kuliko wanavyosema.

Sweta zisisahaulike. Upepo wa jioni hauna huruma, na viazi vya kuchemsha huwa vimekwisha tangu saa sita.