Daraja la Kate Shelley

Je, umewahi kuvuka daraja la reli kwa miguu? Unapotazama chini unaona maji kati ya taruma na taruma. Sasa fikiria kulivuka usiku, katika mvua na upepo, na taa yako imezimika.

Jambo hilo lilitokea Marekani, katika wilaya ya Boone, jimbo la Iowa, nchi ya wakulima wa mahindi. Usiku wa tarehe 6 Julai 1881 mvua kubwa ilinyesha. Daraja la kijito cha Honey Creek lilivunjika, na injini yenye wafanyakazi wanne ikatumbukia majini. Wawili walikufa.

Kate Shelley, binti wa mjane, aliishi karibu na hapo. Alijua kwamba garimoshi la abiria liko njiani. Ili afike stesheni ya Moingona, ilimbidi avuke daraja refu la mto Des Moines. Alitambaa kwa mikono na magoti, akipapasa taruma moja hadi jingine. Alifika, akatoa habari, na garimoshi likazuiwa. Kisha akarudi na waokoaji kwa wale wawili waliokuwa wameshikilia miti.

Mwaka 1901 daraja jingine la chuma lilimalizika huko Boone. Kimo chake ni mita 56 hivi. Baadaye lilipewa jina la Kate. Mimi naona ni haki, maana madaraja mengi hupewa majina ya wakubwa. Mwaka 2009 daraja jipya la saruji na chuma lilifunguliwa kando yake kwa ajili ya treni nzito za siku hizi, nalo likapewa jina lilelile.